Waliofikiwa

Fomu inauliza: waliofikiwa ni wangapi?
Kisanduku ni kidogo, tarakimu tatu zinakijaza.
Nimeandika 300, maana fulana zilikuwa mia tatu
na hakuna aliyerudisha.

Lori lilikuja Webuye siku ya soko,
spika mbili juu, jenereta ikikohoa kando ya wauza omena.
Tuliambiwa tucheze, tukacheza.
Daktari kijana akashika kipaza sauti, akasema "sonona",
akalirudia mara tatu, taratibu, kama anayemlisha mtoto,
na mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake:
"Hiyo ni ya ng'ombe au ya kuku?"
Nilicheka. Mhudumu mzima, beji kifuani, nikacheka.

Tangu siku hiyo nazihesabu fulana njiani.
Moja inafuta meza katika hoteli ya Nafuna.
Moja imevishwa mti kwenye shamba la wimbi kule Misikhu,
VUNJA UKIMYA kifuani, mikono imetanuliwa,
na ndege wanatii: hawajawahi kupiga kelele vile.
Moja niliikuta kwenye tangazo la tanzia,
limebandikwa nguzo ya stima karibu na kiwanda kilichozimwa.
Mukhwana Khaoya, miaka thelathini na minne,
anatabasamu ndani ya fulana yetu.
Walimzika mapema, kabla umande haujakauka,
na mhubiri akaongea zaidi kuhusu ubovu wa barabara.

Naye pia yumo katika wale mia tatu.

Kuna habari ya Sitawa, anayefyatua matofali kando ya Nzoia,
ambayo haina kisanduku.
Fulana yake aliifua kwa sabuni ya kipande, akaifua,
hadi namba ya simu mgongoni ikapoteza tarakimu ya mwisho.
Usiku mmoja, watoto wamelala, kichwa kimejaa
kile anachokiita vumbi linalosema,
aliitandaza kitandani, akaimulika,
akaanza na sifuri.

Sifuri: haipatikani kwa sasa.
Moja: wakala wa pesa, Malaba, akamtukana kwa adabu.
Mbili: mlevi, akamwita Roselida, akalia.
Tatu sijui, naye hakumbuki.
Nne iliita, ikaita, ikaita hadi ikakatika.
Tano, mwanamke. Kitale. Muuza nyanya.
"Umekosea namba, mama," akasema,
kisha, kabla ya kukata:
"Lakini mbona unapumua hivyo?"

Salio la Sitawa likaisha katikati ya neno.
Akabaki ameshika simu
kama aliyeshika kitasa cha mlango uliojifunga.
Ikaita.
Waliongea mpaka jogoo wa jirani akawaingilia;
ya nyanya kwanza, ya mvua, ya bei ya kreti,
halafu yale mengine.
Yale mengine hajaniambia, nami sikuuliza.
Aliloniambia ni kwamba kesho yake alifyatua matofali arobaini,
na kwamba kwa wiki mbili kabla ya hapo
alikuwa hajafyatua hata moja.

Namba ya kweli ilikuwa inaishia na nne.
Nilimuuliza msimamizi.
Akasema ofisi hufungwa saa kumi na moja.

Kitale si wadi yetu. Siwezi kumwandika muuza nyanya
chini ya waliofikiwa, wala chini ya wahudumu,
wala simjui jina. Sitawa naye hakumbuki kama aliliuliza.
Amemhifadhi kwenye simu kama "Tano".

Awamu ya pili, wanasema, italeta kofia.
Nimewajibu kwa mistari miwili:
namba itariziwe kwa uzi, isichapishwe;
na awepo mtu usiku, hata mmoja,
hata kama hajawahi kusikia neno sonona.